Kijiko kinagoma, monita inalia: pima waya kabla hujanunua kontrola

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Kahama, nimechukua kijiko (eskaveta) cha mtumba cha tani 20 kutoka Japani, kimepiga kazi wiki tatu vizuri tu alafu kikaanza vituko. Asubuhi kinawaka fresh, baada ya kama saa moja monita inalia inaandika hitilafu ya mawasiliano, injini inashuka yenyewe, mikono inakuwa mizito hata baketi ya mchanga inapanda kwa shida. Nikizima kikapoa, nikiwasha kinarudi kawaida. Fundi wa kwanza kasema pampu ya haidroliki, wa pili kasema kontrola ya injini (kompyuta yake) imekufa na hela anayotaja inanitoa jasho. Nifanyeje?
Mwenye kijiko, Kahama

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo hela usiitoe kwanza, na pampu usiruhusu mtu aifungue.

Kwenye kijiko chako kuna kontrola ya injini, kontrola ya pampu na monita, na zote zinaongea kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mfumo unaitwa CAN, Bosch wa Ujerumani ndo waliuleta 1986. Sasa kontrola ya pampu ikiacha kumsikia mwenzake wa injini inajilinda, inabana nguvu ya pampu ili injini isizimike, ndo maana mikono inakuwa mizito wakati pampu yenyewe haina kosa lolote. Na hilo la kupoa kikarudi linanifanya nishuku waya au konekta inayoachia ikipata moto na mtikisiko. Kontrola nayo inaweza kusumbuliwa na joto, hilo lipo, lakini kwenye mitambo ya mtumba niliyofungua waya ndo umekuwa mkosaji mara nyingi zaidi.

Anza na kodi za hitilafu (namba za makosa ambazo mtambo umezihifadhi), zisome zote uziandike kwenye karatasi kabla mtu hajazifuta. Kama boksi zote, yaani kontrola na monita, zinamlalamikia mmoja, huyo mmoja ndo kanyamaza, nenda kaangalie fyuzi yake, umeme wake na eathi yake (waya unaofungwa kwenye bodi ya mtambo). Kama kila boksi linamlalamikia mwenzake basi kosa liko kwenye ile njia yao ya kuongelea.

Alafu chukua mita. Zima mtambo, kata swichi kubwa ya betri, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) upime kati ya CAN-H na CAN-L, ndo zile nyaya mbili, kwenye soketi ya kusomea kodi (tafuta mchoro wa mtambo wako wenyewe maana pini zinatofautiana kutoka kampuni hadi kampuni). Inatakiwa isome karibu omu 60, kwa sababu kila mwisho wa njia kuna resista (kifaa kidogo cha kuzuia umeme) ya omu 120 na mbili zikiwa sambamba zinatoa 60. Ukipata 120 ujue mwisho mmoja umepotea au waya umekatika katikati, ukipata 40 kuna mtu kaongeza resista ya tatu, ukipata karibu na sifuri nyaya zimegusana. Geita nilishapima kijiko kikanipa 120, nikazunguka nacho nusu siku nzima, kumbe kuna fundi alichomoa kiplagi kidogo kisichokuwa na waya wowote unaotoka akadhani ni cha ziada, na ile ndo ilikuwa resista yenyewe! Kwa hiyo ukikuta kiplagi cha namna hiyo kiache palepale.

Ila kwa kosa lako la kuja na kuondoka, ukipima kikiwa kimepoa utapata 60 safi uchanganyikiwe. Kipige kazi mpaka kigome, zima, pima hapohapo kikiwa cha moto, na wakati mita imeshikiliwa mtu mwingine atikise waya taratibu kuanzia kwenye injini, nyuma ya kiti, mpaka pale nyaya zinapopita kwenye vyuma. Namba ikiruka simama hapo. Ukikuta sehemu imezungushwa solotepu ifungue hata kama inaonekana nzuri, mimi nimekuta ndani shaba imegeuka unga wa kijani na nyaya zimeunganishwa kwa kusokota mkono tu. Konekta nazo zivute, angalia pini moja moja, maji ya kuoshea kwa presha yanaingia humo na hayatoki.

Omu zikiwa sawa, rudisha swichi ya betri, washa swichi ya ufunguo upime volti kutoka kila waya kwenda eathi. Zote zinakaa karibu na 2.5, CAN-H juu kidogo, CAN-L chini kidogo. Waya ukisoma sifuri umegusa bodi, ukisoma 24 umegusa njia ya betri.

Na umeme wa kontrola usiupime kwa mita peke yake, unga taa ya indiketa ya volti 24 kati ya waya wa umeme na eathi ya ile kontrola. Waya uliooza ndani unaweza kuonyesha volti zote kwenye mita lakini taa ikawaka hafifu, hapo umempata mwizi wako.

Vyote hivyo vikipita ndo tuongelee kontrola, na hata hapo hakikisha namba zake na programu zake ni za kijiko chako.

SWALI: Fundi, tulichomelea baketi, tangu siku hiyo monita haiwaki. Tumekosea wapi?
Opareta, Mbeya

JIBU: Bila shaka hamkukata betri, na klempu ya eathi mliibana mbali, umeme wa kuchomelea ukapita kwenye pini za baketi na nyaya za kontrola. Angalia fyuzi za monita kwanza, alafu eathi zake, huenda ikawa ni hapo tu. Siku nyingine kata betri, chomoa konekta za kontrola, bana klempu kwenye chuma kilekile unachochomelea, karibu kabisa, wala usiibane upande wa pili wa pini ya baketi.