Maswali ya Wasomaji: Maji, Mazuti na Oksijeni Mjini Goma

SWALI: Ndugu mhariri, vita vilipoingia Goma Januari 2025 umeme ulikatika, mabomba yakakauka, tukakimbilia ziwani. Maji yakikatika tena, bidoni ya lita 20 nitie javeli (dawa ya klorini ya kufulia) kiasi gani?

JIBU: Ndugu yetu, chuja kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Kwa javeli ya asilimia 5 hadi 6 isiyo na marashi, weka matone 2 kwa kila lita: bidoni yako inataka matone 40, yaani mililita 2 za sindano. Maji yakibaki na ukungu, ongeza maradufu. Javeli ya asilimia 2.6 nayo huongezwa maradufu. Koroga, funika, ngoja dakika 30. Lazima usikie harufu hafifu ya klorini. Usipoisikia, rudia kipimo kilekile na ungoje dakika 15.

Mara nyingi dawa hushindwa kwa sababu tope limeimaliza kabla haijafikia vijidudu, au chupa ilianikwa juani sokoni ikapoteza nguvu. Javeli isiyo na lebo usiikisie, chemsha maji. Na msichovye kikombe ndani ya bidoni, mimineni. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, vyoo vya shimo havichimbiki kwa kina, kwa hiyo kipindupindu hakiko mbali kamwe.

SWALI: Kituo chetu cha afya kimebakiwa na mazuti (mafuta ya dizeli) kidogo ya jenereta. Tuwashe nini?

JIBU: Mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika hula takriban wati 350 tu, chini sana ya birika la umeme. Msiwashe jenereta kubwa kwa ajili yake peke yake: injini ya dizeli isiyo na mzigo wa kutosha hujaza masizi na kupoteza mazuti. Kusanyeni kazi katika saa zilezile: oksijeni, friji ya chanjo, kuchaji betri. Vifaa vya upasuaji vichemsheni kwa mvuke katika sufuria ya shinikizo juu ya makala (makaa). Mtungi wa lita 6,800 ukitoa lita 5 kwa dakika hudumu saa 22 na zaidi kidogo. Uwekeni kwa saa ambazo jenereta imezimwa.

SWALI: Pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha) zimekwisha. Nifanyeje?

JIBU: Lita 1 ya maji salama, sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vya bapa (visijae kilima). Chumvi ikizidi, inamdhuru mtoto. Akiharisha kama maji ya mchele, mnyweshe njiani huku mkimpeleka hospitali.