Aliteuliwa "kama" liwali?

SWALI: Nafundisha historia. Katika maelezo ya darasa nimeandika: "Al-Hajjaj bin Yusuf aliteuliwa kama gavana wa Iraq mwaka 694." Mwenzangu anashikilia kwamba ni liwali, si gavana. Nani kapatia?

JIBU: Mwenzako. Liwali ni al-wali ya Kiarabu tuliyoimeza pamoja na kibainishi chake, ile al- ya mwanzo, na wilaya ni ya mzizi huohuo. Liwali huwekwa na mkubwa wake na kuondolewa naye, kama maliwali wa Sultani wa Zanzibar huku pwani. Al-Hajjaj aliwekwa na Khalifa Abd al-Malik. Gavana kwa Mkenya ni mtu wa kura. Kwa Mtanzania ni wa Benki Kuu. (Ingawa al-Hajjaj naye alipigisha sarafu za dirhamu, kwa hiyo Mtanzania hajapotea sana.) Ukiing'ang'ania gavana, sina ugomvi nawe.

Ugomvi wangu ni hiyo "kama". Jamani, mtaniua na "kama" zenu! Ukiacha ile ya sharti, kama ni ya kufananisha. Anayetembea kama liwali si liwali. Angekuwa liwali tungesema anatembea, basi. Sasa mtazame al-Hajjaj anavyosimuliwa akiingia Kufa, mji wa huko Iraq: uso kauziba kwa kilemba, kapanda mimbari, kanyamaza kimya, hadi watu wakaanza kuokota changarawe wamrushie. Hapo, naam, alikuwa kama liwali. Kisha akafungua kilemba, akawaambia anaona vichwa vilivyoiva na wakati wa kuvivuna umefika. Changarawe zikawadondoka mikononi. Tangu hapo Kufa nzima haikuwa na shaka yeye ni nani. Alitawala takriban miaka 20, akajenga mji wa Wasit, akafia humo mwaka 714. Wewe leo ndiyo kwanza unamteua "kama"!

Kabla ya makuu hayo alisomesha watoto Taif, mji wa Uarabuni. Najua utakachoandika: "alifanya kazi kama mwalimu." Ndivyo tunavyosomewa wasifu msibani: marehemu "alihudumu kama mwalimu", na waombolezaji wanabaki kujiuliza iwapo cheti alikuwa nacho. Alikuwa mwalimu! Alifanya kazi ya ualimu! Alisomesha!

Andika: "Al-Hajjaj aliteuliwa kuwa liwali wa Iraq." Na kabla hujaniletea swali la pili, ile li- ya mwanzo usiidondoshe ukidhani unarudi kwenye asili. Wali wa Iraq ni wa kwenye sinia.