Jiwe "kubwa" la kibofu: usitume namba ya bili 52318 kabla hujaona sentimita

Mkuu, simamisha hilo dai la bima kwanza, salamu zitafuata.

Unasema uko Arusha, unaandaa bili za kliniki ya Ohio, Marekani. Daktari kasaga jiwe la kibofu kwa leza, kwenye ripoti kaandika tu kwamba jiwe lilikuwa "kubwa". Unataka kutuma 52318, namba ya upasuaji inayoandikwa kwenye dai, uongeze 52353 kwa ajili ya leza na 52000 kwa kuwa kamera iliingia kibofuni. Hiyo 52318 yako imenishtua, maana ndiyo iliyotutoa jasho ofisini kwetu huku Houston.

Kusaga jiwe la kibofu kwa kupitia njia ya mkojo kuna namba mbili tu. 52317 ni ya jiwe dogo, chini ya sentimita 2.5, au kazi rahisi. 52318 ni ya jiwe la zaidi ya sentimita 2.5, au kazi iliyokuwa na ugumu ambao daktari mwenyewe ameueleza. Neno "kubwa" peke yake halikufikishi popote. Daktari anaweza kuwa analilinganisha na jiwe la mgonjwa wa jana, wewe utajuaje?

Mimi nilifundishwa na mwalimu wa mtandaoni niliyemlipa hela yangu halali. Fomula yake: ukiona "kubwa" weka 52318, ukiona "dogo" weka 52317, songa mbele. Songa mbele wapi? Hata siku moja hakutuambia tufungue ripoti ya upasuaji tutafute kipimo. Nikaifuata fomula yake na madai yakawa yanalipwa, nikaamini niko sawa. Kulipwa siyo ushahidi wa chochote, mkuu. Bima inalipa leo, mkaguzi anakuja mwakani.

Na alikuja. Aliomba ripoti za upasuaji, siyo kitu kingine. Moja naikumbuka vizuri: "Jiwe kubwa limeonekana kwenye sakafu ya kibofu. Limesagwa kwa leza ya holmiumu, vipande vyote vimeoshwa na kutolewa." Basi. Hakuna sentimita, hakuna neno kuhusu ugumu wowote. Akaishusha kuwa 52317 na tofauti ikadaiwa irudi. Akachukua nyingine, hivyo hivyo. Na kwa Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, huna nafasi ya kujivuta: ukishatambua umelipwa kupita kiasi, una siku 60 za kuripoti na kurudisha. Ukizikalia hizo hela, unaweza kujikuta kwenye sheria ya madai ya uongo dhidi ya serikali.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba baadhi ya mawe yale yalikuwa makubwa kweli. Picha ya CT ya mgonjwa mmoja ilionyesha sentimita tatu na ushee! Daktari alifanya kazi ya 52318, akalipwa ya 52317, kwa sababu kipimo hakikuingia kwenye ripoti yake na mimi sikumuuliza. Mwalimu wetu wakati huo anaendelea kuuza kozi ileile.

Hizo nyingine mbili ziondoe. 52353 ni ya kusaga jiwe kwenye mrija unaotoka figo au ndani ya figo, kwa kamera iliyopanda huko. Kibofuni leza haina namba yake, maana 52317 na 52318 zinahesabu kusaga kwa njia yoyote ile. 52000 nayo imo humo humo, huwezi kufika kwenye jiwe bila kamera. Na ugonjwa uandike N21.0, jiwe la kibofu. Naona watu wengi wanaweka N20.0, ambayo ni ya figo.

Sasa fanya hivi. Soma ripoti yote, siyo kichwa chake tu, wakati mwingine kipimo kimejificha kwenye aya ya matokeo. Kama hakipo, mwandikie daktari: "Ripoti ya tarehe fulani inataja jiwe kubwa la kibofu. Tafadhali eleza ukubwa wake kwa sentimita, na kama kulikuwa na ugumu wowote wakati wa upasuaji." Ishia hapo. Usimtajie malipo, usimwekee 2.5 mdomoni, maana swali la kumwelekeza jibu nalo mkaguzi atalisoma. Akijibu, aongeze maelezo kwenye ripoti kwa tarehe ya siku anayoandika, asirudi nyuma kufuta ya zamani.

Akikaa kimya, mkumbushe. Meneja akikuharakisha, mwambie dai linasubiri kipimo na umwonyeshe ujumbe uliomtumia daktari. Akijibu sentimita 2, tuma 52317 na usione haya. Akisema hakupima na hakukuwa na ugumu wowote, hiyo 52318 huna cha kuisimamishia.