Chombo Kinawezaje Kuipita Nuru?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na kaka yangu tunafuatilia Star Trek: Voyager, tamthilia ya televisheni kuhusu meli ya angani iliyotupwa mbali na nyumbani, na kuna jambo tumebishania kwa wiki nzima bila kupata jibu. Shuleni tulifundishwa kwamba hakuna chombo kinachoweza kwenda kwa kasi kuliko nuru. Meli ile huipita nuru karibu kila siku, na bado tunaambiwa kwamba itachukua miaka 75 kufika nyumbani. Inaipitaje nuru, na kama inaipita, mbona safari ni ndefu hivyo? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, mlichofundishwa shuleni ni sahihi. Nadharia aliyoitoa Albert Einstein mwaka 1905 inakizuia kitu chenye tungamo kufikia kasi ya nuru, ambayo ni takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa sababu kadiri kinavyoikaribia ndivyo nishati ya kukisukuma inavyozidi kuhitajika pasipo kikomo. Lakini katazo hilo linahusu kitu kinachosafiri ndani ya anga. Anga lenyewe, kama Einstein alivyoonyesha miaka kumi baadaye, linaweza kupinda, na hapo ndipo watunzi walipopenyeza injini yao ya wapu (warp), yaani injini ya kupinda anga.

Mfikirieni mtu aliyeketi juu ya mkeka unaovutwa sakafuni: hajapiga hatua hata moja juu ya mkeka huo, lakini amehama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Mwaka 1994 mwanafizikia wa Mexico, Miguel Alcubierre, aliyekuwa akifanya kazi Cardiff, alionyesha kwa milinganyo ya Einstein mwenyewe kwamba jambo la namna hiyo linawezekana kihesabu, iwapo anga la mbele ya chombo litabanwa na la nyuma litatanuliwa, huku chombo kikitulia katikati. Kikwazo ni kwamba hesabu hiyo inadai nishati hasi, tena kwa wingi ambao hakuna ajuaye namna ya kuupata. Meli za Star Trek hupewa nguvu na maada inayokutana na antimaada (kinyume cha maada; zikikutana huangamizana na kutoa nishati), na fuwele za dilithiamu ndizo zinazoudhibiti mchomo huo. Antimaada ipo kweli katika maabara, ila fuwele hizo zenye uwezo huo ni za kubuni.

Ama kuhusu urefu wa safari, tatizo ni ukubwa wa galaksi yetu. Katika mfululizo wa kwanza wa Star Trek, ulioanza mwaka 1966, kipimo kilichokusudiwa kilikuwa kuizidisha namba ya wapu, yaani daraja la kasi, kwa yenyewe mara tatu, hivyo wapu 6 ni 6 × 6 × 6, yaani mara 216 ya kasi ya nuru. Kuanzia mwaka 1987 kipimo kilibadilishwa: wapu 10 ikawa kasi isiyo na kikomo ambayo injini haipaswi kuifikia, na wapu 9 ikawa zaidi ya mara 1,500. Kwa mwendo huo nyota ya Proxima Centauri, iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.2 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), ni safari ya siku moja tu, ilhali chombo halisi cha uchunguzi cha NASA kiitwacho Voyager 1, kinachokwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kuumaliza umbali kama huo.

Meli mnayoifuatilia ilitupwa umbali wa miaka ya nuru 70,000 kutoka nyumbani. Gawanyeni kwa 75 mtapata mara 933 ya kasi ya nuru, ambayo ni pungufu ya wapu 9, ingawa meli hiyo inasifiwa kwamba inaivuka. Nakiri kuwa hapo hesabu za watunzi hazikupatana, na ninasikitika kidogo, kwa kuwa mtazamaji makini anastahili namba zinazolingana. Hata hivyo ninawasifu kwa kukataa kuifanya wapu iwe dawa ya kila umbali. Mabaharia wale wanajua kwamba wengi wao huenda wakazeeka njiani, na kila wanapopunguza mwendo ili kumsaidia mgeni au kutafuta chakula, tunaelewa wanachokitoa.