Kifusi cha Nyumba Chini ya Kabro

SWALI: Mhandisi, kichochoro chetu hapa Kisauni, Mombasa, hugeuka matope kila masika. Wakazi tumechanga pesa za kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika njia, na jirani anayebomoa nyumba yake ya zamani ili ajenge ghorofa ametuahidi malori ya kifusi bila malipo. Mzee wa mtaa anasema tumwage, tusawazishe, kisha tuweke mchanga na kabro juu. Fundi wetu anakataa na anataka kokoto za kununua. Tumfuate nani?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Mzee wenu hakukosea kuona mali ndani ya kifusi; alipokosea ni katika neno "tumwage". Zege lililosagwa ni msingi mzuri wa barabara, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 ilizitaka nchi wanachama zirejeshe katika matumizi angalau asilimia 70 ya uzito wa taka zisizo hatari za ujenzi na ubomoaji kufikia 2020. Lakini zege hilo huchambuliwa kwanza, na hapo ndipo kazi yenu ilipo.

Nyumba ya zamani ya huku kwetu kwa kawaida ina mali ya aina mbili. Nguzo na slabu ni zege, nalo likishatolewa nondo na kugongwa mpaka vipande visizidi milimita 40, linafaa tabaka la juu la msingi, lile lililo chini ya mchanga na kabro. Kuta za matumbawe zilizojengwa kwa chokaa ni suala jingine, kwa kuwa tumbawe gumu hustahimili uzito lakini lile laini hunywa maji na kusagika chini ya magurudumu. Lowesheni vipande vichache ndani ya ndoo usiku kucha, na asubuhi mvigonge kwa nyundo: kinachomomonyoka kipelekeni kujazia mashimo ya chini, si zaidi ya hapo.

Mbao, plastiki na udongo wa bustani viondoeni vyote. Kinachonitia hofu zaidi ni jasi ya dari, ile nyeupe, nyepesi, inayochimbika kwa ukucha. Chumvi za salfeti zilizomo ndani yake hukutana na saruji penye unyevu, tabaka likavimba, na kabro zikainuka kama mgongo wa kobe miezi kadhaa baada ya fundi kulipwa na kuondoka.

Wahandisi hupima tabaka kwa kipimo cha CBR, kinacholinganisha ugumu wake na ule wa kokoto bora zilizosagwa, sampuli ikiwa imelowekwa siku 4. Kwa barabara za Kenya, changarawe ya tabaka la chini la msingi hutakiwa kufikia asilimia 30 ya ugumu huo, na ya tabaka la juu asilimia 80. Kichochoro cha pikipiki, tuktuk na gari la maji mara mojamoja hakihitaji hiyo 80, lakini mkiweza kupeleka gunia moja maabara, pesa hizo hazitakuwa zimepotea.

Zege la zamani hunywa maji kuliko kokoto mpya kwa sababu saruji kuukuu imelishika kila upande. Linyunyizieni kabla ya kushindilia, mpaka konzi moja ikibanwa ishikamane bila kuchuruzika. Mwageni tabaka ambalo likishashindiliwa kwa rola litabaki milimita 150, wala msiridhike na kukanyagwa na lori. Uso uelekee mtaroni, ukishuka milimita 25 kwa kila mita ya upana, na mtaro uwe wazi, kwa maana maji yanayopita katika zege huchukua chokaa ambayo huganda ndani ya mabomba. Maji hayohayo yana ukali wa magadi, kwa hiyo kifusi kikae mbali na visima, navyo Kisauni ni vingi.

Basi mfuateni fundi katika uangalifu wake, lakini msinunue kokoto kabla ya kuchambua mlicho nacho. Ikiwa kichochoro ni njia ya umma, ombeni kwanza idhini ya kaunti.

SWALI: Paa la nyumba hiyohiyo ni la asbesto. Likivunjwavunjwa, nalo litafaa?

JIBU: La, hata kipande. Nyuzi zake zikivutwa puani hukaa mapafuni, na madhara yake hutokea miaka mingi baadaye. Lisivunjwe, lisikatwe wala lisisagwe. Lilowesheni, liacheni zima, na mwiteni mtu mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ya kubeba taka hatari kabla ubomoaji haujaanza.