Taa ya buluu kwenye makutano ya reli

SWALI: Shikamoo. Nacheza Factorio, mchezo wa kujenga viwanda. Treni zangu za chuma na shaba zinagandana kwenye makutano. Taa ziko aina mbili, na moja huwaka buluu. Maana yake nini? Rangi tupu bila maneno zinanichosha.
Mwanafunzi, Mikindani, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Taa hugawa reli vipande, na kila kipande huingia treni moja tu. Taa ya kawaida (rail signal) hutazama kipande cha mbele yake basi: kijani maana yake kitupu; nyekundu, kina treni; njano, treni inayokuja imeshakishika. Taa ya mnyororo (chain signal), ile inayowaka buluu, hutazama pia hali ya taa inayofuata. Buluu yake ina maana njia moja ya kutokea iko wazi, nyingine imefungwa. Rangi tupu bila maneno humchosha mgeni, nakubaliana nawe kabisa.

Weka ya mnyororo pa kuingilia makutano, ya kawaida pa kutokea. Mbele ya pa kutokea acha reli ya kutosha treni nzima, mkia usizibe makutano; hapa ndipo wengi hukwama. Taa hukaa kulia kwa treni, hata kama barabara ya Mtwara–Lindi imetuzoesha kushoto. Ukishika taa mkononi, kila kipande huonekana kwa rangi yake. Anzia hapo.