Fundi sauti kafokewa, kavua hedifoni kaondoka

SWALI: Natengeneza filamu fupi hapa Kigoma. Tukiwa mwalo wa Kibirizi, fundi sauti alikatisha teki (kipande kikiwa kinarekodiwa) mara tatu kwa sababu ya injini za boti. Mwongozaji akamfokea mbele ya waigizaji, naye akavua hedifoni akaenda zake. Nimeshauriwa niwakalishe mbele ya timu nzima waombane radhi. Mwongozaji anasema bila ukali seti haiendi. Nifanyeje?

JIBU: Usiwakalishe mbele ya watu. Wataombana radhi kwa ajili ya watazamaji, na kesho watarudi na kinyongo kile kile. Ongea na kila mmoja peke yake, uanze na fundi sauti. Kuhusu injini alikuwa sahihi: mngurumo ukishakalia maneno ya mwigizaji, ukijaribu kuukwangua kwa programu, maneno yanabaki kama yanatoka ndani ya pipa. Lakini kukatisha teki si kazi yake. Anasubiri mwongozaji aseme "kata", kisha anamwambia msaidizi wa kwanza wa mwongozaji, "Sauti haifai, boti imepita kwenye sentensi ya mwisho." Huyo msaidizi mnaye? Nadhani hamna, ndiyo maana taarifa ilikosa mtu wa kuipokea ikageuka ugomvi.

Boti za Kibirizi, za abiria na za dagaa, hazitawasubiri. Picha pana pigeni zikiwemo, maneno ya picha za karibu myarekodi boti zikishatulia. Kabla ya kufungasha, watu wote wakae kimya nusu dakika, fundi achukue sauti ya mahali penyewe. Mhariri ataihitaji kuzibia mapengo.

Sasa hilo la ukali, ambalo nimechoka kulisikia. Kuna watu wanauza mafunzo ya uongozaji ya siku mbili, cheti juu, na wanachofundisha ni kufoka. Mara nyingi anayefoka hakwenda lokesheni mapema kusikiliza pakoje, ratiba hakugawa, na saa zikimkimbia anatafuta wa kumbebesha lawama. Wala haharakishi chochote. Mwigizaji aliyeona mwenzake akifokewa anasahau maneno, na teki zinaongezeka.

Tena afadhali hasara ingeishia kwenye teki. Kijana wa taa akishaona yanayompata anayefungua mdomo, ataona waya wa jenereta umechubuka, umelala kwenye mchanga wenye maji, na atanyamaza. Mwenye boti atapakia waigizaji bila jaketi okozi kwa kuwa "bosi kasema twende", na hilo ni Ziwa Tanganyika, kina chake kinafika mita 1,470 hivi, si bwawa la samaki. Kukiwa na hatari yeyote anasimamisha kazi, hata mpika chai, bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwongozaji wako alitangaze hilo kwa kinywa chake asubuhi, kabla ya teki ya kwanza. Akikataa, tafuta mwongozaji mwingine.